Slasha ya nyundo imegonga jiwe: unyooshe rota, uitengenezee ncha, au ununue mpya?

Slasha ya nyundo, ile inayofungwa nyuma ya trekta na kubeba nyundo au visu vingi vinavyoning'inia kwenye bomba moja refu, haina njia nyingi za kuharibika. Kwenye mashamba ya kahawa na parachichi ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, adui wake mkubwa ni mawe ya volkano yaliyofunikwa na majani baada ya masika. Jiwe likiingia, nyundo moja inakatika, mashine inaanza kutetemeka, dereva anasema amalizie kwanza mistari miwili iliyobaki, na jioni anaitwa fundi wa beringi. Inafungwa beringi mpya. Msimu hauishi, inafungwa nyingine. Kumbe kilichoharibika ni rota, yaani lile bomba lenyewe linalozungusha nyundo.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na rota na utakaa hapo muda mrefu. Vipande vingine vina majibu mafupi, na karibu yote yanatokana na kanuni moja: kisichozunguka, karabati kwa fundi yeyote wa kuchomelea aliye makini; kinachozunguka kwa kasi, badilisha, isipokuwa anayekikarabati aweze kukuonyesha vipimo baada ya kazi.

Kwa nini kasi ndiyo inayoamua

PTO ya trekta, ile shafti ya nyuma inayoendesha zana, huzunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi ya slasha huzidisha mzunguko huo, mara nyingi karibu mara tatu, kisha puli na mikanda huuongeza kidogo tena na kuupeleka kwenye rota. Kwa mashine nyingi, rota hufikia mizunguko kati ya 1,800 na 2,400 kwa dakika.

Chukua rota ya mizunguko 2,000 na nyundo ya kilo 1 ambayo uzito wake uko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti. Nyundo hiyo peke yake huvuta kwa nguvu inayolingana na mzigo wa karibu kilo 900. Nyundo zote zikiwepo, zinavutana na kumalizana. Ikikosekana moja, kilo 900 hizo hazina wa kuzizuia, nazo hupiga beringi mara 33 kila sekunde. Hata gramu 50 za ziada kwenye umbali huohuo, mfano waya wa uzio uliojiviringisha upande mmoja, ni mvuto wa kilo 45. Ndiyo maana "inatetemeka kidogo tu" si taarifa ndogo kwa mashine hii.

Pima kabla ya kuomba bei

Zima injini, toa ufunguo, vua propela ya PTO. Inua slasha na uiweke juu ya stendi za chuma au magogo imara. Usitegemee haidroliki peke yake, maana inaweza kushuka mkono wako ukiwa ndani. Vua mikanda ili rota izunguke huru.

Hesabu nyundo kwanza, na ujaribu kila moja kama inacheza kwenye bolti yake. Nyundo iliyokwama kwa kutu au udongo uliokauka huleta mtetemo karibu sawa na iliyokatika, na dawa yake ni kusafisha tu. Wapo waliotoa rota nzima kwenda kuinyoosha kumbe shida ilikuwa hiyo.

Kisha weka geji ya saa (ile yenye mshale) iguse bomba, uzungushe rota polepole kwa mkono. Pima karibu na kila ncha, halafu katikati. Huna geji? Funga waya mgumu kwenye bodi, ncha yake ikaribie bomba, na upime uwazi kwa fila geji. Mshale ukicheza mm 1, kitovu cha bomba kimehama nusu milimita. Kwa rota ya kilo 60, kama bomba lote limehama hivyo, mvuto ni kama kilo 130.

Vua beringi na upime viti vyake kwenye shafti kwa maikromita, sehemu mbili kwa kila kiti na kwa pande mbili zinazopishana. Rota nyingi hutumia beringi za tundu la mm 35, 40 au 45. Kama beringi ni UC208, shafti inatakiwa iwe mm 40. Ikiwa imelika hadi 39.95 au chini yake, beringi mpya itazunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka ndani yake, na utarudi palepale.

Mwisho tafuta nyufa. Piga brashi ya waya kwenye mizizi ya masikio yanayoshika nyundo na pale bomba linapokutana na ncha za shafti. Paka mafuta ya taa, subiri dakika 15 hadi 20, futa hadi pakauke, halafu sugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatokeza juu ya chaki kama mstari mwembamba uliolowa. Chunguza zaidi sikio lililo jirani na lile lililovunjika. Ndilo husahaulika.

Ukiwa na namba hizo mkononi, chaguo la rota linakuwa hivi:

| | Kunyoosha na kuchomelea | Ncha mpya za shafti, kisha kubalansi (kusawazisha uzito) | Rota mpya |
|---|---|---|---|
| Hali inayofaa | Sikio moja au mawili yameharibika, bomba linacheza chini ya mm 1, viti vya beringi vizima | Bomba zima, ila viti vimelika au ncha moja imepinda | Bomba limepinda zaidi ya mm 3, lina ufa wa mzunguko, au limebonyea |
| Mahitaji | Fundi wa kuchomelea, vijiti vya 7018 vilivyokauka, grainda | Fundi wa lezi (mashine ya kuchonga chuma) iliyo ndefu, chuma cha kaboni cha EN8, mashine ya kubalansi | Namba ya modeli au vipimo kamili, na fedha taslimu |
| Muda | Siku moja au mbili | Siku kadhaa, kutegemea foleni ya lezi | Haraka ikiwepo nchini. Ikiagizwa nje, hesabu kwa wiki |
| Hatari kuu | Bomba kuvutwa na joto, uzito kuongezeka upande mmoja | Ncha kutokuwa kwenye mstari mmoja | Kuletewa isiyolingana |

Kati ya mm 1 na mm 3 kuna uwanja wa kubishaniwa. Hapo tungeangalia kama karakana ina mashine ya kubalansi. Ikiwepo, chaguo la kati linawezekana. Isipokuwepo, rota mpya ni rahisi kuliko inavyoonekana.

Kunyoosha na kuchomelea

Hili ndilo chaguo la kwanza la wengi, na mtaa wa Unga Limited hapa Arusha au kwenye karakana za Moshi utapata mtu wa kulifanya leo hii. Si chaguo baya kama litabaki kwenye mipaka yake: sikio lililopinda, au mshono uliochanika.

Mshono uliochanika haufunikwi kwa mwingine juu yake. Usagwe kwa grainda hadi ufa uishe kabisa, pabaki mfereji wa umbo la V, ndipo uchomelewe upya. Vijiti viwe 7018. Vya 6013 vinafaa kwa geti na dirisha. Hapa mshono hupigwa maelfu ya mara kwa saa. Tatizo la 7018 ni unyevu. Pakiti iliyokaa wazi tangu masika hubeba maji ambayo hugeuka haidrojeni ndani ya mshono, na mshono hupasuka wenyewe saa au siku kadhaa baadaye. Kuanika juani hakutoshi; vijiti hivyo hukaushwa kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 300 kwa saa moja hadi mbili. Mwombe fundi afungue pakiti mpya mbele yako.

Klipu ya ethi ifungwe kwenye rota yenyewe, karibu na panapochomelewa, beringi zikiwa zimevuliwa. Umeme ukipita kwenye beringi huacha vidonda kwenye njia za gololi, na beringi iliyokuwa nzima asubuhi huanza kuunguruma jioni. Kama mashine bado imeshikana na trekta, vua waya wa betri.

Kuna mambo mawili yanayoharibu kazi hata ikiwa mshono ni mzuri. Moja ni joto: chuma kikipoa hujikunja, na bomba huelekea upande uliochomelewa. Chomelea kipande kifupi, acha kipoe, rudi, na pima kwa geji kila hatua. La pili ni uzito. Kijiti kimoja cha mm 3.2 huacha takriban gramu 15 hadi 20 za chuma. Linganisha na kinachoruhusiwa: kiwango cha kimataifa cha kubalansi kinachotumika kwa mashine za kilimo ni G16, ambacho kwa rota ya kilo 60 na mizunguko 2,000 huruhusu gramu 57 hivi kwa rota nzima, zikipimwa juu ya bomba la nusu kipenyo cha mm 80. Hizo ni chini ya gramu 30 kila upande. Vijiti viwili kwenye sikio moja vimemaliza posho ya upande huo.

Baadhi ya mafundi hubalansi kwa kulaza rota juu ya vyuma viwili vya pembe vilivyosawazishwa kwa pima maji, kuangalia upande unaoshuka, na kuongeza kipande upande wa pili. Njia hiyo inasaidia, na ni bora kuliko kutofanya kitu. Lakini rota ndefu inaweza kutulia kabisa juu ya vyuma hivyo na bado ikatetemeka shambani, kwa sababu uzito wa ziada wa mwisho wa kushoto umeelekea juu na wa mwisho wa kulia umeelekea chini. Imesimama, zinafutana, ikizunguka, kila mwisho unavuta kwake. Hilo huonekana kwenye mashine inayozungusha tu, kama tairi la gari linavyobalansiwa.

Ncha mpya za shafti

Viti vikilika, zipo njia tatu zinazopendekezwa mitaani, na mbili hazifai. Kupiga vidoti vya senta panchi kwenye shafti ili "ishike" ni kununua wiki chache. Kujaza kwa kuchomelea na kuchonga huenda vizuri kwa shafti ya mwendo wa pole. Kwenye rota ya nyundo, ukingo wa chuma kilichojazwa ndipo shafti hukatikia baadaye. Ipo gundi maalumu ya kubania beringi inayoziba pengo la hadi mm 0.25. Ni ya kumalizia msimu tu, si ya kudumu.

Njia ya kudumu ni kukata ncha ya zamani na kuweka mpya. Omba EN8 au chuma cha kaboni kinacholingana. Nondo laini ya kawaida itapinda kwenye jiwe la kwanza. Ncha iingie ndani ya bomba kwa kubana, ichomelewe kwenye ukingo na kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye bomba, huku chuma kikiwa kimepashwa moto kama nyuzi 150 hadi 200. Halafu linakuja jambo ambalo ukilisahau, fedha yote imepotea: viti vya beringi vichongwe baada ya kuchomelea, si kabla. Ncha iletwe ikiwa nene kwa mm 2 au 3, ichomelewe, ipoe, ndipo rota nzima ishikwe kwenye lezi kwa senta mbili na viti vyote viwili vichongwe kwa mstari mmoja. Ncha iliyochongwa ikawa safi kisha ikachomelewa haitakaa sawa, hata fundi awe nani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye lezi ni la urefu: mashine yake inashika mita ngapi kati ya senta na senta? Slasha ya upana wa mita 1.6 ina rota inayozidi urefu huo ukihesabu na ncha.

Kwa kubalansi, anza kuulizia karakana zinazobalansi propela za malori, ukitaja urefu na uzito wa rota kabla ya kuibeba. SIDO (shirika la viwanda vidogo) za Arusha na Moshi, pamoja na taasisi za zana na mitambo za CAMARTEC na TEMDO zilizopo Arusha, ni mahali pa kuulizia nani ana mashine gani.

Rota mpya

Faida yake kubwa ni kwamba imetoka kiwandani ikiwa imebalansiwa. Hasara ni bei na kungoja. Mashine ikifa mwezi wa sita, mahindi hayajavunwa na kahawa inakaribia kuchumwa, wiki sita za kungoja meli zina gharama yake. Lakini usilinganishe bei kwa bei. Gawanya kila gharama kwa saa za kazi unazotarajia. Ukarabati wa asilimia 40 ya bei ya rota mpya, unaodumu robo ya muda wake, umekugharimu mara 1.6.

Kabla ya kulipa, mtumie muuzaji picha ya kibati cha namba. Kama kimeng'oka, tuma urefu wa bomba, urefu wa rota ncha kwa ncha, kipenyo cha bomba, idadi ya masikio na mpangilio wake, upana wa sikio ndani, tundu la bolti, vipenyo vya viti viwili (havilingani kila mara), na upana wa njia ya kii upande wa puli. Sema pia rota inazunguka kuelekea wapi. Mpangilio wa masikio ukiwa wa kinyume, mashine itakata lakini majani yatarundikana upande mmoja.

Rota iliyotumika kutoka mashine chakavu? Ndiyo, kama ukaguzi wote wa juu utafanyika kabla ya kulipa.

Nyundo na visu

Hapa jibu ni kununua, na kununua kwa seti. Nyundo za kiwandani zimepitishwa kwenye moto na kupoozwa kwa kipimo, na kuchomelea iliyovunjika huua ugumu huo. Kipande kikikatika, ncha yake ilikuwa ikienda zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kuongeza chuma kigumu juu ya nyundo iliyolika kuna ubaya huohuo, na tena kila nyundo hutoka na uzito wake.

Nyundo za kuchonga kwa springi za gari ni hoja ya kweli, kwa sababu chuma chenyewe ni kizuri. Kinachoharibu ni ukataji wa gesi usiofuatwa na kupasha na kupooza upya: karibu na tundu chuma kinakuwa kama kioo. Kama mhunzi anajua kazi hiyo na atakuwekea nyundo zote kwenye mizani mbele yako, zinaweza kutumika. Kama hajui, acha.

Ikivunjika moja katikati ya msimu na nyingine bado zina mwili, badilisha pamoja na inayoelekeana nayo upande wa pili wa rota, na pima zote mbili. Tofauti isizidi gramu 10 hivi. Visu vya umbo la Y vinaweza kunolewa, ilimradi chuma kisigeuke bluu chini ya grainda. Bluu maana yake ugumu umeondoka. Bolti ziwe za daraja la 8.8 au 10.9, na nati zenye plastiki ndani hutumika mara moja tu. Bolti ya M16 ya 8.8 hukazwa takriban Nm 200, lakini inabana bushi, si nyundo. Ukishakaza, nyundo lazima icheze kwa kidole.

Vingine, kwa haraka

Beringi: badilisha, daima, na zote mbili. Nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye chuma chenyewe, si kwa "nipe ya slasha". Bandia ni nyingi. Maandishi ya kufifia na beringi nyepesi kuliko ya zamani ya namba ileile ni sababu ya kuirudisha.

Mikanda: ikikatika mmoja kati ya mitatu, nunua yote mitatu ya aina moja. Mpya ni mfupi kuliko iliyovutika, hivyo utabeba mzigo peke yake na utakufa. B na SPB zinakaribiana kwa upana, ila SPB ina kina zaidi, usichanganye.

Giaboksi: sili na beringi zinakarabatika vizuri. Meno yakivunjika, gia mbili hubadilishwa pamoja, na mpangilio wa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) uwe kwa mtu anayejua kusoma mguso wa meno. Nyumba ya chuma cha kutupwa ikipasuka pale beringi inapokaa, nunua giaboksi nzima. Kabla ya kulaumu chochote, angalia oili: SAE 90 ya EP (ya gia, inayohimili shinikizo kubwa), hadi usawa wa tundu tu.

Bodi, viatu vya pembeni, rola ya nyuma na vizuizi vya mbele: karabati. Bati la mm 6, mshono wa kawaida, mpira wa mkanda wa kiwandani mahali pa mapazia ya mbele yanayozuia mawe kuruka. Usikubali mashine irudi kazini bila mapazia hayo, haraka iwe kiasi gani.

Kuijaribu

Kagua mstari wa puli kwa rula ndefu au uzi uliovutwa. Kaza mikanda hadi, ukibonyeza katikati kwa kidole gumba, ishuke kama mm 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Kwa umbali wa mm 350 ni mm 5 hadi 6. Washa injini kwa mwendo wa chini, watu wote wawe mbali na nyuma ya mashine, na upandishe taratibu hadi PTO ifike 540. Mtetemo unaotokea mwendo wa kati na kupotea juu unavumilika. Unaokua kadiri kasi inavyopanda ni wa balansi, zima.

Baada ya dakika 30, zima tena, toa ufunguo, gusa nyumba za beringi. Pakiwa pa moto kiasi cha mkono kushindwa kukaa sekunde tano, kuna kitu kimebana. Kaza bolti za beringi, vuta mikanda upya kwa kuwa mipya hulegea mapema, na upige grisi pampu mbili au tatu tu. Beringi hizi zina sili nyepesi, na ukipiga hadi grisi itoke nje, sili imetoka nayo.